Sukari ya Alfajiri: Vijiti Vitatu kwa Usiku Mmoja

Mtu amekula ugali wa kiasi na mchicha saa moja jioni. Saa nne usiku anapima sukari na kukuta 8, kisha analala. Saa kumi na mbili asubuhi, tumbo likiwa tupu, mashine inasema 11. Katika nyumba nyingi za Manzese, Dar es Salaam, hukumu hutoka hapo hapo: umedokoa usiku. Mke anamtazama mume kwa jicho la pembeni, mtoto anamkagua mama, na mgonjwa mwenyewe anaanza kutafuta kosa, labda kile kipande cha andazi alichoonja jana mchana. Hukumu hiyo ni rahisi, na mara nyingi inamwangukia asiye na hatia. Sukari ile imetoka ndani ya mwili, na aliyeitoa ni ini.

Hesabu yake inashangaza kidogo. Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi. Sukari yake ikiwa 5, yaani milimoli tano kwa lita, glukosi yote inayozunguka katika damu hiyo haifiki gramu tano, ambayo ni kijiko kimoja cha chai. Ini la mtu wa kilo 70 aliyelala bila kula hutoa gramu 8 hadi 10 kila saa, usiku kucha, kwa sababu ubongo unaendelea kutumia sukari hata mwenyewe akiwa usingizini. Vijiko viwili kwa saa vinapita mahali penye nafasi ya kijiko kimoja. Asiye na kisukari haoni kitu: kinachoingia kinatumika, na kongosho hutoa insulini kidogo kidogo kulizuia ini lisipitilize. Mwenye kisukari cha aina ya pili ana ini lisilosikia vizuri agizo hilo la insulini. Likizidisha kidogo tu, na misuli ikashindwa kuichukua ziada, namba ya asubuhi inapanda bila tonge kupita kooni.

Kuelekea alfajiri mambo huzidi. Kuanzia kama saa tisa usiku mwili hujiandaa kuamka. Kortisoli inapanda, na ile homoni ya ukuaji iliyomwagwa katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku inaendelea kuifanya insulini isifanye kazi vizuri. Mwaka 1981, Maria Inês Schmidt na wenzake waliandika katika jarida la Diabetes Care juu ya upandaji huu wa sukari wa alfajiri. Miaka michache baadaye watafiti wa Marekani walionyesha mchango wa homoni ya ukuaji kwa wagonjwa wanaotumia insulini.

Kabla ya hapo palikuwa na maelezo mengine, na bado utayasikia kliniki. Michael Somogyi, mkemia mwenye asili ya Hungaria aliyefanya kazi St. Louis, Marekani, alisema tangu miaka ya 1930 kwamba insulini nyingi huishusha sukari katikati ya usiku, mwili unashtuka, unamwaga homoni za kujihami, na asubuhi sukari inakutwa juu. Hoja hiyo ina mantiki, ndiyo maana ilidumu. Lakini mwaka 1987 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio ambalo sukari ilishuka usiku, na kushuka huko hakukuipandisha ile ya asubuhi. Siku hizi vipo vihisio vinavyobandikwa mwilini na kupima kila baada ya dakika chache, navyo vimeonyesha kwa sehemu kubwa kwamba anayeshuka usiku huamka na namba ya chini, si ya juu. Kwa maoni yangu maelezo ya Somogyi yanastahili kubaki kwenye vitabu vya historia. Hata hivyo yalituachia desturi moja nzuri, ya kupima saa tisa usiku, na desturi hiyo ndiyo ninayoitetea hapa.

Manzese wengi hupima asubuhi tu, na sababu yao inaeleweka. Vijiti vya kupimia vinauzwa kwa pesa, mashine moja huzunguka kati ya bibi, jirani na shemeji, na kliniki imezoea kuuliza, "Asubuhi ilikuwa ngapi?" Kwa hiyo mwenye vijiti saba kwa wiki hutumia kimoja kila kukicha, na siku ya kliniki anafikisha safu ya namba: 11, 10, 12, 11, 9, 11, 12. Safu hiyo inaonyesha kwamba kuna tatizo. Limeanza wapi, haionyeshi. Daktari anaongeza dawa, na pengine dawa aliyoiongeza si ile iliyohitajika.

Tuseme basi kuna mama muuza vitumbua wa Midizini, anayetumia vidonge, mwenye vijiti vichache. Huyu ana bahati ambayo mtu wa ofisini hana: saa tisa usiku tayari yuko macho, anawasha jiko. Saa ambayo wengine wangehitaji kengele kuamka, kwake ni saa ya kazi. Apime anapolala saa tatu, apime tena anapoamka saa tisa kabla ya kuonja hata tone la unga, kisha saa kumi na mbili kabla ya chai. Afanye hivyo usiku wa pili katika wiki hiyo hiyo, kwa maana usiku mmoja unaweza kudanganya. Ametumia vijiti sita, na sasa ana habari ambayo asubuhi saba zisingempa.

Tuchukue kwamba ameandika 8.1, kisha 7.8, kisha 11.2. Usiku umetulia na kupanda kumeanza baada ya saa tisa. Huyo ni mtu wa alfajiri, na kumnyang'anya ugali wa jioni hakutamsaidia sana. Mazungumzo yake na daktari yawe juu ya ini: je, dozi ya jioni ya metformini, dawa ambayo kazi yake kubwa ni kupunguza glukosi inayotengenezwa na ini, inamtosha? Anaimeza kweli, au ameiacha kwa sababu inamsokota tumbo?

Sasa tuchukue 13.4, 12.9, 12.5. Hapa alfajiri haina kosa. Amelala na sukari juu na ameamka nayo, tena imepungua kidogo. Chanzo kiko kwenye chakula cha usiku, au dawa inayopaswa kukishughulikia, au saa ya kula. Manzese watu hurudi nyumbani wamechelewa. Anayeshuka kituo cha Tip Top saa tatu usiku ananunua chipsi mayai njiani, anakula saa nne, analala saa nne na nusu. Ndiyo maana nadhani kundi hili ni kubwa kuliko tunavyokiri, na kupanda kwa alfajiri, ingawa kuna jina la kitaalamu, mara nyingi kunasingiziwa. Utafiti wa Monnier na wenzake wa Ufaransa, uliochapishwa 2013, ulikadiria kwamba kwa wenye kisukari cha aina ya pili kupanda kwa alfajiri huongeza takriban asilimia 0.4 kwenye HbA1c, kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu. Si kidogo cha kupuuza, lakini anayeanza usiku na 13 ana kazi kubwa zaidi ya kufanya kabla hajafika huko.

Kwake, kula mapema kwa saa moja au mbili, kupunguza wanga wa usiku na kutembea dakika kumi na tano baada ya chakula vina nguvu ambayo watu hawaiamini. Misuli inayofanya kazi huchukua glukosi hata insulini ikiwa dhaifu. Vichochoro vya Manzese usiku si mahali pa kutembea kila mtu, hilo najua, na sitamwambia mama wa miaka sitini akazunguke gizani. Kando ya Barabara ya Morogoro, tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, kuna njia za waenda kwa miguu, na watu wapo hadi usiku. Asiyeweza kutoka apange kazi za nyumbani za kusimama na kutembea, kama kuosha vyombo na kuteka maji, zije baada ya kula badala ya kabla.

Mpangilio wa tatu unaoweza kujitokeza ndio wa kuogopa: 9.0 wakati wa kulala, 3.4 saa tisa usiku. Chini ya 4 hakuna kusubiri. Kama mtu anaweza kumeza, akoroge vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, anywe, apime tena baada ya dakika kumi na tano, na kliniki aende siku hiyo hiyo, si tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Wanaotumia glibenklamidi wako hatarini hapa, kwa kuwa dawa hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini, awe amekula au hakula. Mtu aliyemeza kidonge jioni, kisha biashara ikawa mbaya akalala na chai kavu, ndiye anayeweza kuamka jasho limelowesha shuka. Mtu huyu akipima asubuhi tu, na asubuhi akakuta 7, atajisifu.

Wanaotumia insulini wasipunguze kupima kwa sababu ya makala hii. Wao wanahitaji vijiti vingi zaidi, na dozi wasiiguse bila kliniki. Lakini kuna jambo la saa ambalo ni vyema walielewe. Insulini ya NPH, ile ya maziwamaziwa iliyobuniwa Denmark miaka ya 1940, hufikia kilele saa nne hadi nane hivi baada ya kuchomwa, kisha inafifia. Aliyechoma saa kumi na mbili jioni anapata nguvu zake nyingi kati ya saa nne na saa nane usiku, wakati hazihitaji sana, na alfajiri ini linapoamka insulini inakwisha. Mara nyingi madaktari huisogeza sindano hiyo hadi wakati wa kulala, bila kuongeza hata yuniti moja. Ugumu uko kwa anayetumia mchanganyiko wa 30/70. Ndani ya chupa hiyo mna insulini ya haraka ambayo lazima iende na chakula, kwa hiyo huwezi kuisogeza nusu na kuiacha nusu. Mgonjwa wa mchanganyiko anayepanda kila alfajiri ana haki ya kuuliza kama anaweza kutenganishiwa.

Kabla ya kubadilisha lolote, iangaliwe chupa yenyewe ilikuwa wapi. Chumba chenye bati bila dari, Januari, Dar es Salaam, kina joto la kutosha kumtia mtu wasiwasi. Hapa kuna habari ya kutia moyo kutoka jirani zetu. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto katika nyumba za kambi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, kisha wakaijaribu insulini maabarani katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne. Matokeo yalichapishwa Februari 2021: insulini ilibaki na nguvu yake. Kwa hiyo asiye na friji aiweke ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga wenye unyevu, mbali na jua na jiko, na asiogope. Aogope kuigandisha, na aogope chupa iliyofunguliwa miezi miwili iliyopita.

Kidole nacho kina makosa yake. Muuza vitumbua ameshika sukari tangu saa tisa usiku. Muuza maembe ana maji ya tunda chini ya kucha. Tone la damu likipita kwenye ngozi hiyo mashine inasoma sukari ya biashara. Pamba yenye spiriti haitoshi kuiondoa. Maji yanayotiririka na sabuni, kisha kitambaa kikavu, ndiyo dawa.

Chai ya asubuhi ina mchango wake. Kwa wengi wenye kisukari, asubuhi ndiyo saa ambayo mwili unaisikia insulini kwa shida kuliko nyakati nyingine za siku. Saa hiyo hiyo ndiyo tunayoipa chai yenye vijiko vitatu na maandazi mawili. Chai ile ile bila sukari, na maharage au yai na kipande cha muhogo wa kuchemsha badala ya maandazi, huleta tofauti inayoonekana kwenye mashine saa mbili baadaye. Anayekwenda kliniki bila kula, akakaa foleni tangu saa moja hadi saa nne bila dawa, asishangae akikuta namba kubwa kuliko aliyoipata nyumbani. Ini halikusitisha kazi kwa sababu yeye yuko kwenye benchi. Aipeleke ile ya nyumbani pia, ikiwa na saa yake.

Kwa mlinzi wa zamu ya usiku, maelekezo ya saa hapo juu yanageuka. Homoni ya ukuaji hufuata usingizi wake wa mchana, huku kortisoli ikiendelea kwa sehemu kubwa kufuata saa ya mwili iliyozoea jua. Akipima saa kumi na mbili asubuhi akitoka lindo, baada ya wali wa saa sita usiku, hiyo si namba ya kufunga, ingawa daftari la kliniki litaiandika hivyo. Yeye apime anapolala saa tatu asubuhi, katikati ya usingizi akiweza, na anapoamka, na pembeni ya kila namba aandike mambo mawili: amelala saa ngapi, amekula saa ngapi.