Ukakasi wa Sagrantino

Wengi wakionja Sagrantino kwa mara ya kwanza hukunja uso na kuirudisha glasi mezani. Zabibu hii nyeusi ya Montefalco, mji wa kilimani katika mkoa wa Umbria, Italia ya kati, ni miongoni mwa zabibu zenye tanini nyingi kuliko zote. Tanini hushikana na protini za mate, kinywa kikakosa utelezi. Aliyewahi kung'ata bibo la korosho lisiloiva anaujua ukakasi huo. Basi usihangaike kupima ukakasi ni mwingi kiasi gani. Utakuwepo tu. Chunguza ni wa namna gani.

Piga funda dogo, lizungushe mdomoni, meza, kisha subiri. Ukakasi mzuri huenea sawasawa kwenye ulimi na ufizi, na unapopungua, ladha ya tunda hurudi: beri nyeusi, viungo, majani makavu. Ule mbaya hukwaruza mahali pamoja na kuacha uchungu wa mbegu mbichi. Hapo shuku kwamba zabibu zilichumwa mapema, kwani Sagrantino huchelewa kuiva na mavuno yake mara nyingi hungoja Oktoba. Wengine huuficha ukali kwa mapipa mapya ya mwaloni. Vanila na karafuu zikinitangulia puani kabla ya tunda, chupa hiyo sinunui tena.

Soma lebo vizuri. Montefalco Sagrantino ni zabibu hii tupu, na kanuni zinautaka mvinyo ukomazwe miezi 37 kabla ya kuuzwa, 12 kati yake ndani ya mbao. Montefalco Rosso ni habari nyingine, sehemu yake kubwa ni Sangiovese. Hata hiyo miezi 37 kwangu haitoshi. Chupa nzuri hutulia ikikaribia miaka 10. Mwenye haraka aumimine kwenye jagi saa kadhaa mapema, aunywe na nyama yenye mafuta, wala asiupoze sana, maana baridi huzidisha ukakasi.

Zamani Sagrantino ilijulikana kwa mvinyo mtamu, zabibu zikianikwa kwanza ndipo zikamuliwe. Huu usio mtamu ulishika kasi miaka ya 1970. Ule wa kale bado upo, lebo yake ikiandikwa Passito, na mimi humpimia mtengenezaji humo. Pamoja na sukari yote ile, ukishameza, kinywa kinapaswa kubaki kikavu, midomo isinate.