Inchi Zote Zipo, Jina Halipo

Ndugu zangu waandishi chipukizi wa Bukoba na Muleba, leo naomba tufungue kitabu cha zamani ambacho wengi wetu tulikisikia kwenye somo la historia tu, kikapita. Ni kile cha Mwingereza John Hanning Speke kuhusu safari yake ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Kilichapishwa mwaka 1863. Nakileta kwenye kurasa za fasihi kwa sababu naona ugonjwa wa miswada yetu mingi umo humo, tena katika kurasa zinazotuhusu sisi watu wa Kagera.

Novemba 1861, Speke na mwenzake Grant walifika Karagwe, kwa Omukama Rumanika. Huko Speke akawaona wanawake wa ukoo wa mfalme, walionenepeshwa kwa maziwa mpaka wengine wakashindwa kusimama wenyewe. Mmoja alikuwa shemeji yake Rumanika. Speke akataka kumpima. Wakapatana: mama akubali kupimwa, mgeni naye amwonyeshe kidogo miguu na mikono yake. Basi akapima. Mkono, inchi 23. Kifua, inchi 52. Paja, inchi 31. Shavu la mguu, inchi 20. Pale pale alikuwepo binti wa miaka 16, kazi yake kunywa maziwa, na baba yake ameshika fimbo asije akaacha.

Haya, sasa tusome kama wahakiki. Inchi zote zipo. Jina la mama halipo. Na yeye aliiona miguu ya Mzungu, maana ndiyo yalikuwa mapatano. Alisema nini? Alicheka? Alimwona kakonda kama ng'onda? Kitabu kimya. Watu wawili walitazamana, lakini aliyekwenda kuandika ni mmoja.

Wala tusimwonee Speke peke yake. Mama yule alikuwa mtu wa ikulu, na unene wake ulikuwa tangazo. Mwanamke anayeshinda na jembe mgombani hawezi kukaa chini mwaka mzima anakunywa maziwa. Ng'ombe walikuwa wa wakubwa, na mwili wa mke wa mkubwa ndio ulioonyesha wingi wao. Ile fimbo ya baba inatuambia jambo moja: uzuri uliokuwa ukisifiwa pale haukumwotea binti kama nywele. Alilazimishwa.

Sasa turuke miaka 120 na ushei. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walipatikana hapa hapa Kagera. Waganda waliuita Slim, kwa sababu ya kukondesha. Huku kwetu ukaitwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa kwa magendo kutoka Uganda. Wazazi wetu wanasimulia: mwanamke akipungua kidogo tu, iwe kwa malaria, iwe kwa mawazo, mtaa ulikwishamzika. Wembamba ukawa hukumu. Hata baada ya dawa za kurefusha maisha kuanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, lile jicho la kupima mashavu ya mtu halikuondoka. Ndiyo maana mpaka leo mtu akikuambia "umenenepa" anakusifu, na akikuambia "umekonda" anakuuliza kitu kingine.

Na katika miaka ile ile ya mazishi, mwaka 1994, mashindano ya Miss Tanzania yalirudi baada ya kupigwa marufuku tangu mwaka 1968. Ajabu hiyo! Wembamba ambao huku nyumbani ulikuwa unatangaza kifo, Dar es Salaam ulikuwa unavikwa taji.

Hebu hesabuni. Ikulu ya Karagwe ilitaka unene. Mtaa wa wakati wa Juliana uliogopa wembamba. Jukwaa la warembo likautaka wembamba huo huo. Vipimo vitatu, vinagombana vyenyewe kwa vyenyewe. Kitu kimoja tu hakikubadilika: anayeshika futi siyo mwenye mwili.

Mimi ni mnene, sina haja ya kuzunguka. Nikienda kijijini Muleba naambiwa nimenawiri. Nikirudi Bukoba mjini, siku hiyo hiyo, naambiwa nipunguze. Mwili ni ule ule, sijaubadilisha njiani! Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba anaandika "ukweli" kuhusu umbo la mwanamke, namuuliza: ukweli wa stendi ipi?

Sasa tuje kwenye miswada yetu wenyewe, hii tunayosomeana. Mwanamke wa kupendwa anaingia ukurasa wa kwanza na umbo la namba nane na kiuno cha nyigu. Mama mwenye nyumba mkorofi lazima awe bonge. Bosi mla rushwa akiwa mwanamke, lazima kiti kilie anapokaa. Na msichana ambaye mwandishi amepanga kumuua sura ya mwisho, anaanza kukonda katikati ya kitabu. Jamani, hizi ni alama za barabarani, siyo watu. Msomaji akishaona unene anajua tamaa inakuja, akishaona mifupa anajua jeneza linakuja. Sasa asome nini tena?

Mswada ninaouandika mimi unamhusu diwani mwanamke wa Muleba. Niliposoma sura ya kwanza mbele ya wenzangu, swali la kwanza lilikuwa, "Yukoje, bonge au kimbaumbau?" Hakuna aliyeuliza anataka nini kwenye ule mkutano. Nikawajibu, "Subirini, hajaanza kusema."

Na huko nje ya hadithi mambo ni yale yale. Mwanamke akipanda jukwaani, gauni linajadiliwa kabla hajafika kwenye kipaza sauti. Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, aliongoza shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-HABITAT, kuanzia mwaka 2000 hadi 2010, kisha akawa mbunge wa Muleba Kusini hadi 2020. Atakayemwandika ana miji, ana ardhi, ana siasa na misukosuko yake. Akianza na umbo lake, atakuwa amerithi futi ya Speke.

Mtaniuliza, je, kuna aliyefanya vizuri zaidi? Yupo. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alidhihakiwa hadharani kwa sura yake na kwa asili yake ya shamba. Shaaban Robert hakuificha dhihaka hiyo, wala hakuipamba sura ya Siti ili tumwonee huruma. Alichofanya ni kutupa jibu la Siti mwenyewe, kwamba si sura wala ukoo. Hasara ni mtu kukosa akili. Tazameni tofauti. Kwa Speke mwanamke ana vipimo bila sauti. Kwa Shaaban Robert anatukanwa mwili, na neno la mwisho linabaki kwake.

Tena Siti alibahatika kuwa na santuri. Mwaka 1928 alirekodi Bombay, na sauti yake ikafika mahali ambapo uso wake haukufika. Vivyo hivyo kwa dada yetu Saida Karoli. Kanda yake ya Chambua Kama Karanga ilipotoka mwaka 2001, watu wasiojua neno la Kihaya walicheza Kihaya. Kanda haina kiuno, inaanza na sauti. Na karatasi nayo haina macho, ndugu zangu. Mwili hauingii kwenye ukurasa mpaka sisi tuutie. Kwa hiyo tukiutanguliza, tumechagua wenyewe.

Sisemi tuufiche mwili. La hasha! Kuuficha ni kukiri kwamba ni aibu. Diwani wangu ana mwili. Unapanda mlima wa Kamachumu ukihema, una goti linalouma wakati wa mvua, unapenda senene, na siku nyingine mwenyewe anajitazama kwenye kioo akaridhika. Lakini hayo anayajua yeye, na anayasema yeye. Mimi kazi yangu siyo kuzunguka nyuma yake na futi.

Fanyeni jaribio hili. Chukua mswada wako, tafuta pale mwanamke anapoingia mara ya kwanza. Funika kwa kiganja sentensi za mapaja, kiuno na mashavu. Soma kilichobaki. Kama bado kuna mtu pale, mwenye jina na shida yake, endelea kuandika. Kama hakuna, rudi mwanzo. Na wangu upo, njooni mnihakiki kwa kipimo hicho hicho.