Sifa za Mwashi wa Chokaa

Mjenzi anayeinua nyumba mpya juu ya kiwanja kitupu husifiwa na kila mpita njia, kwa kuwa kazi yake yaonekana ikipanda. Lakini mwashi aingiaye katika nyumba kongwe iliyojaa watu, akaitengeneza chumba baada ya chumba huku wenyewe wakipika, wakilala, wakigombana na kupatana, kisha akaiacha ina baridi kuliko alivyoikuta na matumizi yake ya umeme yamepungua, huyo aghalabu hapati ila ujira wake na gilasi ya maji. Mimi naona sifa iliyo kubwa ni haki ya huyu wa pili, na ushahidi wangu ni nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja.

Nyumba hizo zilijengwa na watu waliolijua jua. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, nene kiasi cha nusu mita; dari zake hukaa juu ya boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwani boriti haivuki sana zaidi ya mita 3; na katikati pana ua, ambamo hewa ya moto hupanda ikatokea juu na hewa ya kichochoroni ikashika mahali pake. Ukuta wa namna hii huupokea mchana polepole mno, hata joto linapoanza kutokea upande wa ndani jua limekwisha kuchwa na madirisha yamefunguliwa kuupokea upepo wa usiku. Hamna mashine humo. Ni unene, weupe na upepo tu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitiwa wapangaji, na iliyokuwa ya jamaa moja ikawa ya jamaa kadha wa kadha. Kila mtu akakata fungu lake kwa mbao au matofali, shubaka likazibwa, ua ukaezekwa bati. Nyingine ni za serikali, nyingine za wakfu, nyingine za warithi walio ng'ambo ya bahari. Na manahodha wengi, chombo huenda mrama: paa halina mwenyewe, mfereji wa paa hauna mwenyewe, ngazi haina mwenyewe. Maji yakaingia ukutani, na mtu alipoona plasta yake imeanguka, akamwita fundi wa saruji.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ukuta wa chokaa hupumua mfano wa mtungi wa udongo, ukatoa nje unyevu unaopanda kutoka ardhini. Saruji huuzuia unyevu huo, chumvi ikajikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma, na ncha za boriti zilizozama ukutani zikaoza pasipo kuonekana na mtu. Chumba huwa na jasho na harufu. Mwenye uwezo hununua kiyoyozi, nacho hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuitoa maji hewa, achilia mbali kuipoza. Basi mpangaji hununua umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla ya kutumia, ili kupigana na maji aliyoyafungia mwenyewe ndani ya ukuta. Na umeme wa Unguja si wa kuchezea, kwa kuwa huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara, na waya huo ulipoharibika kisiwa kilikaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Sisemi kwamba feni ni haramu. Feni ina kazi yake, na friji pia. Nasema tu kwamba ukuta uliotangulia kupewa kazi hiyo haujastaafu.

Mtazame sasa mwashi anapoingia. Haanzi na mwiko. Huanza kwa kugonga ukuta kwa ngumi, akasikiliza panapolia utupu, kisha hupanda juu ya paa, madhali anajua kwamba hakuna ukuta utakaokauka chini ya bati linalovuja. Paa likisha kutulia hushuka chumbani. "Shikamoo, bibi. Kitanda nakisogeza upande huu, alasiri nakirudisha." "Marahaba, mwanangu, ila vumbi lako lisinifikie kwenye chungu." Hutandika gunia juu ya vyombo, akabandua saruji kwa patasi, kipande kwa kipande, asiushtue ukuta, akausugua chumvi yake, akauacha uchi mpaka ukauke, hata kama ni majuma, naye huku yumo chumba kingine. Halafu huulowesha kwa maji, akatomea mianya kwa vijiwe na chokaa iliyokaa shimoni miezi, akapaka tabaka jembamba juu ya jembamba, na kila tabaka hulifunika kwa gunia bichi, kwa sababu chokaa hugeuka jiwe kwa kuivuta hewa ya ukaa taratibu, na ikikaushwa na jua kwa haraka haishiki asilan. Mwisho ni niru, nyeupe, inayolirudisha jua lilikotoka. (Zamani sakafu za juu zilipigwa kwa vipande siku nzima, kwa nyimbo. Nyimbo zimekwenda zake, na redio ya fundi ndiyo iliyobaki.)

Lakini ustadi wake mkubwa u katika ulimi. Kufungua shubaka lililozibwa ni kuingilia mambo ya majirani wawili, nao pengine hawasemezani. Mwashi mwenye busara haamrishi. Hushauri kwamba kiambaza cha mbao kikatwe juu, shibiri mbili chini ya boriti, upepo upite na sitara ya mtu ibaki. Shibiri mbili hizo ndizo humwezesha mtu wa chumba cha nyuma kulala pasipo feni usiku wa kusi.

Watasema kazi hii ni ya polepole na saruji ipo dukani. Ni kweli. Lakini nyumba kongwe ni dhaifu: hata Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Seyyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja Disemba 2020 lilipokuwa katika matengenezo. Seuze nyumba ya wapangaji wasiochangia hata bati. Mji wetu ulitiwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na heshima hiyo haizibi ufa.

Basi nyinyi mlioshika funguo, na nyinyi mnaolipa kodi, kabla masika hayajaingia changeni kwanza fedha ya paa na mfereji, kisha mwiteni mwashi wa chokaa, na mumtilie kijana mmoja wa kumfuata ili ajifunze. Kiyoyozi, kama bado mtakitaka, kinunueni baada ya hapo.