Mashine Bila Mikono: Kumbukumbu ya Kazi katika Domino Park, Brooklyn

Katika Domino Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 2018, kreni za kiwanda cha sukari kilichofungwa mwaka 2004 zimepakwa rangi ya feruzi, na matangi ya shira yamepangwa kando ya njia. Mpangilio huo unapendeza. Kasoro yake ni kuienzi mashine na kumsahau aliyeiendesha. Vyuma hivyo havisemi lolote kuhusu mgomo wa wafanyakazi uliodumu takriban miezi 20 tangu 1999.

Kinyume chake ni sanamu ya Kara Walker iliyowekwa mwaka 2014 katika ghala la kiwanda hicho kabla halijabomolewa: kiwiliwili cha simba, sura ya mwanamke Mweusi, kimo cha zaidi ya mita 10, chote kimefunikwa sukari nyeupe. Sanamu za wavulana waliomzunguka ziliyeyuka kwa joto, nyingine zikavunjika. Hapo utamu ulirejeshwa kwa watumwa wa mashamba ya miwa. Ni kweli kwamba kazi hiyo ilikusudiwa kuwa ya muda. Lakini kreni nazo zingeweza kuondolewa, na hazikuondolewa. Sehemu ya sanamu iliyohifadhiwa, mkono wa kushoto, ilionyeshwa mwaka 2017 kisiwani Hydra, Ugiriki.