Karatasi Inapolala

Mtoto akizaliwa Likasi, mama hutoka hospitali na sertifika mkononi. Wengi huifunga kwenye sanduku pamoja na nguo za mtoto, wakiamini kazi imekwisha. Haijaisha. Sertifika inasema tu kwamba mtoto kazaliwa. Karatasi inayomfanya ajulikane na serikali ni akti ya kuzaliwa, nayo huandikwa kwenye komini, bure, ndani ya siku 90. Ndivyo isemavyo sheria ya Kongo ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto. Siku zikishapita, njia inapinda: sharti kwanza hukumu ya mahakama.

Kuna watu kazi yao ni kuchora njia za namna hii. Aliye mvivu hufungua sheria, akapanga visanduku vinne, akaenda zake. Ninayemvulia kofia mimi huanza kwa miguu. Hukaa kwenye benchi pamoja na wanaongoja, akiufuata mukanda mmoja kutoka mkono hadi mkono. Karani akisema, "Hapo napeleka kwa shefu," yeye huuliza: na shefu asipokuwepo? Jibu la swali hilo halimo katika sheria yoyote. Limo mezani, kwenye droo, ambako karatasi hulala siku nyingi kuliko inavyokaa mikononi.

Alama za michoro yao ni chache. Duara jembamba ni mwanzo, duara nene ni mwisho, mstatili ni kazi, almasi ni swali. Lugha hii ya kuchorea kazi, BPMN, ilitoka mwaka 2004, ingawa Frank na Lillian Gilbreth walikuwa wameshawaonyesha wahandisi wa Marekani michoro ya kazi mwaka 1921. Kila mhusika hupewa mfereji wake: hospitali, mzazi, komini, mahakama. Almasi inayotisha ni moja tu: siku 90 zimepita?

Lakini fundi mzuri hukawia kwingine. Hutazama mfereji wa hospitali na ule wa komini, akitafuta mshale unaoiunganisha, asiuone. Habari ya mtoto inapita kwenye mfereji wa mzazi. Tarishi wa serikali, basi, ni mama ambaye mgongo bado unamuuma, anayejilipia nauli mwenyewe. Kwa kuliona hilo na kulichora bila kulipamba, fundi huyo amestahili mshahara wake.

Nawe uliye na kichanga nyumbani, Kikula, Panda, Shituru au Likasi yenyewe: fungua sanduku leo, uhesabu siku.