Aya za Nani?

Katika darasa letu la tafsiri tumezoea kuwauliza wanafunzi swali hili: The Satanic Verses, riwaya ya Salman Rushdie iliyotoka mwaka 1988, iitweje kwa Kiswahili? Karibu wote hujibu "Aya za Shetani". Kikamusi hawajakosea. Hata hivyo, tafsiri hiyo ina kasoro kubwa.

Neno la Kiingereza linaweza kuwa mistari ya shairi lolote, hata la mapenzi. "Aya" yetu, ukiacha ile ya insha, ni ya kitabu kitakatifu. Shairi lina beti na mishororo. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili, sawa na wa Kiarabu, husikia kwamba Kurani yenyewe ni ya Shetani. Jina limekwisha kukufuru kabla kitabu hakijafunguliwa. Kumbe kisa anachokigusia Rushdie, cha maneno yanayodaiwa kupenyezwa na Shetani kisha yakafutwa, wanazuoni wa Kiislamu wanakijua tangu kale kwa jina la gharaniki, na wengi wamekikataa.

Hatusemi mwandishi hana lawama. Kumwita mtume wa riwayani Mahound, jina la dharau la Wazungu wa zama za kati, ni uchokozi. Kujitetea kwamba hizo ni ndoto za Gibreel aliyerukwa na akili hakutoshi, maana mhusika huota anachooteshwa na mtunzi. Marehemu Ali Mazrui, aliyewahi kufundisha Makerere, aliifananisha kufuru na uhaini mwaka 1989. Uchungu wake tunauelewa, ila mfano wenyewe unatutisha: uhaini huamuliwa na dola, na dola si msomaji mzuri wa riwaya. Sheria ya adhabu ya hapa Uganda, tuliyoirithi kwa Mwingereza, humwadhibu anayekusudia kuumiza hisia za dini za mwenzake. Kusudi la nani litapimwa, la mtunzi, la mhusika, au la mfasiri?

La mfasiri si swali la mtihani tu. Hitoshi Igarashi, aliyeifasiri riwaya hiyo kwa Kijapani, alikuwa mhadhiri na mtaalamu wa utamaduni wa Kiislamu. Aliuawa Julai 1991 katika Chuo Kikuu cha Tsukuba alikofundisha, na muuaji hakupatikana.

Mwanafunzi mmoja alipendekeza "Beti za Shetani". Hapo kisa cha gharaniki kinapotea kabisa. Sisi tungechukua "Mistari ya Shetani", ingawa haina ladha. Angalau mstari ni wa shairi na wa msahafu pia.