Juu ya Mstari, Chini ya Mstari: Kusoma APRI na FIB-4 Tukiwa West Nile

Fomula ya APRI, inayokadiria kovu la ini, ina vitu vitatu tu. Juu ya mstari kuna kimeng'enya cha AST, kilichogawanywa kwa kiwango cha juu cha kawaida, kikazidishwa kwa 100; chini yake kuna chembe sahani za damu. Ilitungwa Michigan, Marekani, mwaka 2003, kwa wagonjwa wa homa ya ini C. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani limeipendekeza kwa homa ya ini B pale ambapo vifaa ni haba, na huko ndiko iliko Arua, huko ndiko iliko Koboko, miji ya West Nile nchini Uganda: virusi ni vya siku nyingi, na kuchoma sindano ili kutoa kipande cha ini si jambo la kila kliniki.

Umbo lake ni zuri kweli. Seli za ini zikivunjika, AST humwagika katika damu, na sehemu ya juu hupanda. Kovu likizidi, damu huzuiwa kuingia ini, bandama huvimba na kuzishika chembe sahani, na sehemu ya chini hushuka. Madhara mawili yaliyo mbalimbali husukuma jibu upande mmoja. Nani angetumia maneno machache kuliko hayo?

FIB-4, fomula nyingine ya kukadiria kovu, ya mwaka 2006, ilizaliwa kwa watu wenye VVU pamoja na homa ya ini C. Yenyewe huweka umri juu, mara AST; chini huweka chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT, kimeng'enya kingine cha ini. Tuchukue damu moja: AST 50, ALT 64, chembe sahani 120. Kijana wa miaka 26 atapata 1.35, chini ya 1.45, na kuambiwa kovu kubwa halielekei kuwapo. Baba yake wa miaka 63, kwa damu ileile, atapata 3.28, juu ya 3.25, na kuingia kundi la hatari. Katika fomula hii umri unasimama badala ya miaka ya ugonjwa. Lakini Afrika wengi hupata homa ya ini B utotoni, na Uganda ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002. Kijana huyo alizaliwa kabla ya hapo. Huenda amebeba virusi karibu maisha yake yote, na fomula inamhesabia ujana wake kama kinga. Kwa wagonjwa wa namna hii naichagua APRI, ambayo haiulizi mtu ana miaka mingapi.

Nayo lakini ina msemaji aliyejificha. Kile kiwango cha juu cha AST si cha mgonjwa, ni cha maabara. Kikiwa 40, damu yetu inatoa 1.04, kikiwa 50, inatoa 0.83. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unahesabu sirosisi, yaani kovu lililokomaa la ini, kuanzia juu ya 1, kwa hiyo hukumu imegeuka bila tone la damu kubadilika. (Mwongozo wa 2015 ulidai zaidi ya 2, na hapo majibu yote mawili yangepita salama.)

Sehemu ya chini ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi huku. Malaria hupunguza chembe sahani. Zikishuka kutoka 120 hadi 60 kwa siku chache za homa, AST ikibaki palepale na kiwango cha maabara kikiwa 40, APRI inaruka hadi 2.08, na ini halijaongeza hata uzi mmoja wa kovu. Kichocho cha kando ya Mto Nile nacho huvimbisha bandama kwa makovu yake, yasiyotokana na virusi. Fomula haina nafasi ya kuyasema hayo. Nafasi hiyo lazima iwe kwenye karatasi ya majibu. Karatasi inayoandika "APRI 1.04" bila kutaja kiwango cha AST kilichotumika, wala kama mgonjwa alipimwa malaria siku hiyo, haijakamilika, na mganga ana haki ya kuirudisha maabara kabla hajamwambia mtu ana sirosisi.